Mtajiju aende shule au asiende?

Najua nimekuwa kimya. Niko nyumbani Katumba Songwe, Kyela, likizo ya wiki mbili. Na kabla hujaniuliza: hapana, si ile Katumba ya Rungwe yenye kiwanda cha chai. Hii ni ya huku chini, kwenye mpunga, kakao na joto, jirani na mto Songwe unaotutenganisha na Malawi. Mto wenyewe una tabia zake. Mvua zikizidi unahama njia, na mtu aliyelala Tanzania anaweza kuamka akakuta kipande cha shamba lake kiko ng'ambo. Lakini leo siandiki habari za mto. Naandika habari za mbwa.

Nimekuja naye, tumepanda kirikuu ya mchuuzi wa ndizi iliyokuwa inarudi tupu kutoka Mbeya. Anaitwa Mtajiju. Jina alipewa na mdogo wangu wa kiume, na kama unaijua desturi yetu ya kuwapa mbwa majina ya kuwasema majirani, hutauliza maana yake. Alizaliwa hapa hapa uani kwa babu. Mwaka juzi nikambeba kwenda naye mjini ninakofanya kazi, anilindie geti. Huko mchana anafungwa mnyororo, usiku anafunguliwa, ndani ya uzio. Kama mbwa wengine wote wa mtaa wetu.

Sasa tatizo. Wiki tatu zilizopita mtoto wa jirani, ana miaka sita, alipitisha mkono kwenye nafasi ya geti kuokota mpira wake. Ilikuwa jioni, nimeshamfungua mbwa. Mtajiju akamrukia. Meno yalishika mkono wa sweta, ngozi ikasalimika. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu. Nilikwenda kuomba radhi kwa wazazi wake, wakanipokea vizuri. Kisha mama mwenye nyumba akaniita. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Mwanangu, mbwa huyo ama umfundishe ama umwondoe. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi." Msomaji wangu wa mjini unajua "kumwondoa" mbwa ni nini. Kipande cha nyama yenye sumu, saa tisa za usiku, na asubuhi hakuna anayeuliza.

Ndipo nikasikia habari za bwana mmoja mstaafu, aliyewahi kushika mbwa kazini, ambaye kila Jumamosi asubuhi anawakusanya mbwa wa watu uwanjani. Mbwa kumi au kumi na wawili pamoja na wenye nao, duara moja. Kaa. Simama. Njoo. Tulia. Shilingi elfu kumi kila Jumamosi, kwa wiki nane. Jumamosi ijayo anaanza kundi jipya na anataka jibu langu.

Nilipomsimulia babu, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mbwa aende shule? Na sare nani atamshonea?"

Nikacheka na mimi. Lakini usiku usingizi haukuja, nikafanya kazi ninayoijua, kuchimba. Hii shule ya mbwa ilitoka wapi? Nani aliianzisha, na alitaka mbwa awe nini? Maana jembe na panga vyote ni chuma. Ni vizuri ujue kimoja kilifuliwa kwa kazi gani kabla hujakipeleka shambani.

Polisi na mashindano

Binadamu amefundisha mbwa tangu zamani sana, kwa kuwinda, kuchunga na kulinda. Lakini kule kufundisha kwa mpango, kwa amri zile zile na ratiba ile ile, kulikua haraka pale polisi wa Ulaya walipoanza kutumia mbwa. Mji wa Ghent, Ubelgiji, ulianza kuwatumia mbwa katika doria za usiku mwaka 1899. Mwaka huo huo, Ujerumani, kilianzishwa chama cha mbwa wale ambao sisi tunawaita "jemani shepadi". Kisha akaja afisa wa polisi Mjerumani, Konrad Most. Alianza kufundisha mbwa wa polisi mwaka 1906, na mwaka 1910 akachapisha kitabu cha kazi hiyo. Kitabu kile kilisomwa kwa miongo mingi. Most alikuwa mtu makini. Aliona mbwa hajifunzi kwa kuhubiriwa, anajifunza kwa kile kinachofuata baada ya tendo. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachofuata, kwake yeye, ilikuwa maumivu: kamba ya kuvutwa ghafla, kola yenye miiba, fimbo. Lazima mtu amshinde mbwa, na mbwa ajue ameshindwa.

Mwaka huo wa 1910 Wajerumani hao hao walikuwa wanatutawala huku. Boma lao lilikuwa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Sijasema kwamba Most alifika Rungwe. Nasema tu kwamba fikra ile ya kiboko kwanza, mazungumzo baadaye, babu zetu waliifahamu bila kusoma kitabu.

Darasa la raia wa kawaida lilipata nguvu Marekani. Mwaka 1933 mama mmoja wa New York, Helene Whitehouse Walker, alichoka kusikia watu wakisema mbwa wake aina ya poodle ni pambo tu, hana akili. Akaandaa jaribio la utii kule Mount Kisco, wakashiriki mbwa wanane. Mwaka 1936 chama kikuu cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, kikaweka kanuni rasmi za mashindano hayo. Mwaka 1937 Walker na mwenzake Blanche Saunders wakafunga trela nyuma ya gari, wakaizunguka nchi kilomita zipatazo 16,000 wakionyesha watu namna mbwa anavyofundishika. Vyama vikazaliwa, madarasa ya kila wiki yakafuata.

Kwa hiyo msomaji wangu, lile duara la Jumamosi lina wazazi wawili. Mmoja ni kituo cha polisi. Mwingine ni mama aliyetaka kuthibitisha kwamba mbwa wake si mjinga. Swali langu lilikuwa ni mzazi yupi nitakayemkuta uwanjani.

Utii kwa nani?

Mzazi wa kwanza tunamjua vizuri zaidi Afrika Mashariki. Polisi wa Kenya walianzisha kikosi chao cha mbwa mwaka 1948. Miaka minne baadaye ikatangazwa hali ya hatari, na mbwa wa kunusa nyayo wakatumika kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau misituni. Mbali zaidi, Mei 1963, polisi wa Birmingham, Alabama, waliwaachia mbwa waandamanaji weusi, wakiwemo vijana wa shule. Picha zake zikazunguka dunia nzima. Mbwa wale walikuwa wamefundishwa vizuri sana, tena walikuwa watiifu kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba neno "utii" peke yake halinitoshi. Mtajiju kwa kumrukia yule mtoto hakuasi amri yoyote. Aliifanya kazi niliyompa. Nilimwambia linda geti, akalinda geti.

Halafu kuna lile jina la dharau. Walowezi waliwaita mbwa wa kienyeji wa huku mbwa "shenzi", neno lililopita katika Kiswahili chetu likaishia kwa wanyama wetu. Na kuna aina ya mbwa kutoka Kongo inayoitwa basenji, jina lenye undugu na neno letu "washenzi". Waingereza waliwaonyesha kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa. Wengine wakafika salama na kuonyeshwa mwaka 1937. Kule msituni basenji ni mwindaji. Anawafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu, na kwa kuwa habweki kama mbwa wengine huvalishwa kengele ya mti shingoni ili wenye naye wajue aliko.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1994 profesa wa saikolojia Stanley Coren alitoa kitabu kuhusu akili za mbwa. Aliwauliza waamuzi wa mashindano ya utii wa Marekani na Kanada, karibu 200, ni aina zipi hushika amri haraka na kuzitii. Katika nafasi 79, basenji alikuwa wa 78. Mwindaji anayefanya kazi msituni mbali na macho ya bwana wake, akijiamulia mwenyewe apite wapi, akawa wa pili kutoka mkiani! Kosa lake ni nini? Hangoji kuambiwa. Coren mwenyewe alieleza kwamba kushika amri ni aina moja tu ya akili ya mbwa. Lakini watu wengi walikumbuka orodha, wakasahau maelezo. Tunawajua wanafunzi waliopimwa hivyo.

Vijiji vya rika

Asubuhi nilimsomea babu haya yote uani, naye anamenya kakao. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hao wote wanazungumza habari ya mtu na mbwa wake. Mbwa na mbwa wenzake je? Wewe umemfunga peke yake miaka miwili. Kiumbe aliye peke yake anamwiga nani?"

Nikanyamaza, kwa sababu babu alikuwa amenirudisha nyumbani bila kujua.

Katika miaka ya 1930, kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi huku Unyakyusa wakifanya utafiti, wakisaidiwa na karani na mkalimani wao Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea, na mwaka 1951 akatoa kitabu kuhusu jambo lililomshangaza kuliko yote: vijiji vya rika. Mvulana wa Kinyakyusa alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka umri wa miaka kama kumi au kumi na moja. Baada ya hapo aliwaachia wadogo zake ng'ombe, akaanza kulima, na usiku hakulala tena kwa baba. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda vyao pembeni, kijiji chao wenyewe. Walikula kwa mama zao, lakini si mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakikua wanaoa na kukaa hapo hapo.

Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ile miiko mikali kati ya mke wa kijana na baba mkwe. Lakini wazee walimweleza Monica Wilson na jambo lingine, lililobebwa na neno moja la Kinyakyusa: ukwangala. Ni kukaa na wenzako vizuri, kula pamoja, kuzungumza, kufurahi. Waliamini adabu na hekima havipatikani kwa kukaa na baba anayekuamuru. Vinapatikana kwa kukaa na wa rika lako, wanaokucheka ukikosea na kukupisha ukikasirika. Mtu wa kula peke yake na kujitenga alitiliwa shaka ya uchawi.

Simpambi mtu hapa. Kijiji kile kilikuwa cha wanaume. Mimi nisingejengewa kibanda na wasichana wenzangu. Ningeolewa mapema nikahamia kwenye rika la mume. Vijiji vile pia vilipungua na kufifia kadiri ardhi ilivyobanwa na kazi za mshahara zilivyowachukua vijana. Lakini ile hoja kwamba amri ya mkubwa ni kitu kimoja na adabu ya kuishi na wenzako ni kitu kingine, hiyo bado inasimama. Na inalibadilisha swali langu. Nilikuwa nauliza: nimpeleke Mtajiju akafundishwe kunitii? Sasa nauliza: ana wapi pa kujifunza kukaa na wengine?

Nilichokiona uani

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu wiki nzima. Siku ya kwanza alipofika hapa alishuka kirikuu mkia katikati ya miguu, anabwekea kila kitu. Majike mawili mazee ya babu yakamwendea. Moja lilimnusa, akalirukia, likamkalipia mara moja tu, fupi, bila damu. Akalala chini. Siku ya tatu alikuwa anazurura nao mpaka mtoni. Siku ya tano watoto walikuwa wanapiga mpira wa makaratasi chini ya mwembe, unampita puani, naye amelala. Mbwa yule yule, meno yale yale. Tofauti ni kwamba hapa akiogopa anaweza kuondoka. Kwenye mnyororo haondoki, kwa hiyo anajifunza kuwahi kushambulia.

Lakini tusidanganyane kwamba kijiji ndiyo dawa. Nikiwa mdogo niliwahi kushuhudia siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo ndiyo shule pekee ya mbwa niliyowahi kuiona huku! Mbwa ambao hawajawahi kuvaa kamba maisha yao yote, wamevutwa na watoto kwa kamba za katani na vipande vya kanga, foleni chini ya mti. Wengine wanapigana, wengine wanaponyoka, daktari wa mifugo amejaa vumbi. Tulicheka sana. Leo sicheki. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza mtu haponi, na karibu wagonjwa wote duniani huambukizwa na mbwa. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba kati ya kumi, mnyororo wa maambukizi unakatika. Sasa mbwa asiyekubali kushikwa hachanjwi. Kumbe mbwa kutulia kwenye kundi si anasa ya watu wa mjini. Ni afya ya mtoto wa jirani. (Mtajiju ana chanjo. Ndiyo, nililiangalia hilo kabla ya sweta.)

Tena kuna suala la umri. Utafiti wa Wamarekani John Paul Scott na John Fuller, uliochapishwa mwaka 1965, ulionyesha kwamba mtoto wa mbwa huzoea watu na mbwa wenzake kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili. Samaki mkunje angali mbichi. Wangu ana miaka miwili. Atajifunza, lakini taratibu, na akitishwa atarudi nyuma.

Fimbo au usipa?

Hapo ndipo fimbo inapohusika. Mwaka 2020 watafiti wa Porto, Ureno, walichapisha utafiti juu ya mbwa 92 kutoka shule saba za mafunzo. Shule tatu zilifundisha kwa zawadi, nne zilitumia pia kuvuta kamba, kukaripia na adhabu nyingine. Mbwa wa shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za hofu darasani, na mate yao yalikuwa na homoni nyingi zaidi ya msongo baada ya mafunzo. Yaani darasa lenyewe linaweza kuwa mnyororo mwingine.

Na tusiseme kufundisha kwa zawadi ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO linafundisha panya buku pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wanafundishwa na Watanzania, kwa mlio mdogo na kipande cha chakula. Panya mmoja wa pale, Magawa, alikwenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Kama panya wa Morogoro alifika huko bila kuchapwa, mbwa wa Katumba Songwe ameshindwa nini?

Haya, uamuzi. Naenda, lakini Jumamosi ya kwanza naenda peke yangu. Nitakaa pembeni ya uwanja niangalie. Nikiona fimbo au mbwa ananyongwa na mnyororo, naondoka bila kuaga. Nitaomba kuona kadi za chanjo za mbwa wote, na nitamwomba yule bwana aanze kwa kutuweka mbali na wengine, tusogee kidogo kidogo. Na nyumbani kazi iko kwangu: wavu wa chuma kwenye geti ili mkono wa mtoto usipite, mnyororo utoke, na matembezi kila alfajiri. Saa moja ya Jumamosi haiwezi kufuta siku sita za upweke. Nadhani hata anayefundishwa kwenye lile duara, kwa kweli, ni mwenye mbwa.

Na ikishindikana? Basi atarudi hapa kwa babu, nami nitakaa Mbeya bila mlinzi. Nimeshalikubali hilo, ingawa limeniuma. Kumwacha hapa leo ingekuwa rahisi zaidi. Lakini mimi ndiye niliyemtoa kwenye rika lake nikamfunga, na sioni haki nimwondoe kwa kosa nililomfundisha mwenyewe kabla sijajaribu kumfundisha lingine.

Leo jioni babu amenifungia usipa wakavu kwenye mfuko wa karatasi. Nikamwuliza kama ni zawadi ya yule mwalimu.

"Mwalimu ana mshahara wake," akasema. "Hao ni wa mwanafunzi."

Kesho tunapanda kwenda Mbeya. Nitawaletea habari.